Mizani ya Hari na Baridi

Hari na baridi ni katika mambo anayoyaonja mwanadamu kabla hajajua kusema. Mtoto mchanga hajui jina la mamaye wala hapambanui usiku na mchana, lakini akifunuliwa nguo hulia, na akifunikwa kupita kiasi hulia vile vile. Naye mama mwenye busara huweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe, akajua kama ni wa kuongezwa nguo au wa kupunguziwa. Kiganja kile ni kipimo, tena cha kale kuliko vyote tulivyo navyo, na kina tabia moja ambayo vipimo vingi vya baadaye vimeikosa: hakiulizi hewa ina joto kiasi gani, huuliza mtoto ana hali gani. Katika insha hii nataka kulitazama swali ambalo kwa uso wake ni la wataalamu wa hali ya hewa, na kwa undani wake ni la dini na hekima, nalo ni hili: hari au baridi inapolishukia jimbo zima, ukali wake hupimwa kwa nani?

Zamani za ujana wangu, hapa Tanga, nilipata kufuatana na ndugu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusoma vipimo vya hali ya hewa, na kazi ile niliipenda kwa taadhima yake. Katika kiwanja cha majani yaliyofyekwa vizuri kilisimama kisanduku cheupe juu ya miguu minne, kimo chake kikimfika mtu kifuani, kuta zake zikiwa za vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite ndani lakini mwale wa jua usipenye. Saa tatu kamili asubuhi alikifungua mlango, akainama hata jicho lake likawa sawa na ncha ya zebaki, akazuia pumzi zake zisije zikaipasha moto, akasoma upesi na kuandika. Mlikuwamo vipimajoto vinne: kimoja cha kushika kilele cha joto la mchana, kimoja cha kushika kina cha baridi ya usiku, na viwili vilivyosimama bega kwa bega, kimoja kikavu na kimoja kilichovishwa kitambaa chembamba chenye kunyonya maji kutoka kikombeni. "Huyu aliyevaa nguo mbichi," aliniambia, "ndiye mfano wetu sisi. Maji yakikauka juu yake hupoa, kama mtu atokwaye na jasho akapigwa na upepo. Siku ambayo hawa wawili wanasoma sawasawa, ujue jasho lako halina pa kukaukia." Siku hizo ndizo watu wa pwani wanazoziita za fukuto. Maneno yale yalikuwa na mpaka wake wa kuogofya, maana mwaka 2010 wataalamu walikadiria ya kuwa kipimo cha kitambaa kibichi kikifika nyuzi 35 za Selsiasi na kudumu hapo kwa saa kadhaa, hata mtu mwenye afya njema aliyeketi kivulini akipepewa hawezi kusalimika, kwa sababu mwili wake hauna tena mahali pa kuutupia moto wake.

Habari za kisanduku kile nilimsimulia shangazi yangu, mjane aliyepanga chumba kimoja uani mwa nyumba ya watu, mwezi wa Februari, kaskazi ilipokuwa imelegea na bahari imetulia kama mafuta. Redio ilikuwa imetangaza kwamba usiku ule joto lingeshuka mpaka nyuzi 25, nami nikamweleza, kwa furaha ya kijana aliyejua jambo jipya, kwamba kwa hesabu ya wataalamu usiku wa namna hiyo haukuwa na neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, hicho kisanduku chenu kina kivuli na kina upepo. Chumba changu hakina hiki wala kile." Siku ya pili nikaazima kipimajoto, nikakitundika kwenye msumari kando ya kitanda chake cha kamba, na saa nne usiku, kuta za saruji zikiutoa moto zilioumeza mchana kutwa, na dirisha moja lililokuwapo limefungwa kwa hofu ya wezi, kilisoma nyuzi 33. Shangazi alikuwa amelala chini, juu ya sakafu tupu, amejitanda kanga iliyochovywa majini.

Sitaki mtu adhani kwamba nakidharau kisanduku cheupe. Hakikusema uongo usiku ule. Kilisema kweli ya hewa, na hiyo ndiyo amana yake, kwani lau kila mji ungepima chini ya mti wake na kila msomaji juu ya ukuta wake, Tanga isingeweza kulinganishwa na Moscow wala mwaka huu na mwaka wa babu zetu. Lakini kweli ya hewa si kweli yote ya mtu. Hata hizo nyuzi zenyewe ni mapatano ya wanadamu: Anders Celsius wa Sweden, alipotoa kipimo chake mwaka 1742, aliiweka sifuri pale maji yachemkapo na 100 pale yagandapo, na baada yake watu wakakipindua kikawa hivi tukijuavyo leo, wala kuchemka na kuganda kwa maji hakukubadilika hata kidogo. Ikiwa hesabu ni yetu, basi na maana ya hesabu hiyo ni juu yetu kuitafuta.

Maana hiyo huanza kuonekana mtu asafiripo. Mwezi mmoja wa Julai nilipata kulala nyanda za Njombe, na asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Nilijifunika mablanketi matatu juu ya koti na meno yangu hayakuacha kugongana, ilhali mtoto wa mwenyeji wangu, mwenye sweta moja lililokwisha kuchakaa kwenye viwiko, alikuwa akitoka kwenda shule huku akiimba. Baridi ilikuwa ile ile, ila yeye aliizoea na mimi niliishukia ghafla. Wataalamu wamelifahamu jambo hili, na wamejitahidi kuliingiza katika kanuni zao. Idara ya hali ya hewa ya India haitangazi wimbi la joto katika nchi tambarare mpaka kiwango cha juu kifike nyuzi 40, na pwani nyuzi 37, na milimani nyuzi 30. Na pamoja na hayo kanuni yao kuu hutaka joto liwe limezidi kawaida ya mahali pale kwa nyuzi 4.5 au zaidi, nalo likizidi kwa zaidi ya nyuzi 6.4 huitwa kali. Kwa baridi, nchi tambarare hutazamwa usiku ushukapo mpaka nyuzi 10, jambo ambalo mtu wa kaskazini mwa Ulaya atalistaajabia, kwani kwake usiku wa nyuzi 10 ni wa kuacha dirisha wazi. Lakini maskini wa Delhi alalaye kando ya njia na shuka moja halistaajabii.

Wenzao wa Australia walikwenda mbali zaidi. Hutwaa wastani wa joto la siku tatu mfululizo, mchana na usiku pamoja, wakaulinganisha na mambo mawili: kwanza na kile kiwango ambacho katika mahali pale siku 95 za kila 100 hazikipiti, na pili na wastani wa siku 30 zilizotangulia. Ulinganisho wa kwanza huuliza kama hari hii ni ngeni kwa nchi. Wa pili huuliza kama ni ngeni kwa miili, yaani kama watu wamepewa muhula wa kuizoea au imewajia kama mwizi. Kisha mawili hayo huzidishwa moja kwa lingine, na hari iliyo ngeni kwa yote mawili hupanda juu kabisa. Nilipoifahamu kanuni hii nilifurahi mno, kwa sababu ndani yake, katika lugha ya hesabu, mna kukiri kwamba ukali si sifa ya hewa peke yake, bali ni jambo lililo baina ya hewa na mtu, kama vile uzito wa mzigo ulivyo baina ya mzigo na bega.

Na wimbi la jimbo zima lina mambo matatu ya kupimwa, nayo ni ukali wake, muda wake, na upana wa nchi liliyoifunika. Wala moja halitoshi bila mengine. Agosti ya mwaka 2003 Ulaya ya magharibi ilifunikwa na hari iliyodumu siku nyingi, na katika nchi ya Ufaransa peke yake walikufa watu wapatao 15,000 zaidi ya kawaida, na Ulaya nzima kwa majira yale zaidi ya 70,000. Wengi wao walikuwa wazee. Ilidhihirika kwamba kilichowaua hakikuwa mchana pekee, bali hasa usiku uliokataa kupoa, maana moyo wa mzee uliochoka kutwa kuupigania mwili hungoja usiku kama mpagazi angojavyo kutua mzigo, na usiku ule haukuwapa pa kutua. Ndiyo maana Wafaransa, walipoweka kanuni yao ya tahadhari mwaka 2004, hawakutazama kilele cha mchana tu. Kwa Paris waliweka nyuzi 31 za mchana na nyuzi 21 za usiku, kwa wastani wa siku tatu, na yote mawili sharti yatimie. Usiku ukawa shahidi wa pili katika kesi ambayo kabla yake iliamuliwa kwa shahidi mmoja.

Baridi nayo ina somo lake, na pengine ni la ajabu zaidi. Wachunguzi waliolinganisha miji ya Ulaya walieleza mwaka 1997 ya kwamba nje kulipokuwa na nyuzi 7, sebule za kusini mwa Finland zilikuwa na wastani wa nyuzi 21.7, na zile za Athens nyuzi 19.2, na kwamba katika nchi zenye majira mepesi ya baridi vifo viliongezeka zaidi, kwa kila uzi mmoja ulioshuka, kuliko katika nchi za theluji. Aliyezaliwa na baridi hujenga nyumba ya kuikabili na hushona nguo za kuikabili, hali aliyezoea jua huiona baridi kuwa mgeni wa siku mbili asiyestahili kutandikiwa. Na mwaka 2015 uchunguzi wa vifo milioni 74 katika nchi 13 ulionyesha kwamba baridi iliua watu wengi zaidi kuliko joto kwa mbali sana, na kwamba wengi wa wafu hawakufa katika siku zile za kutisha zinazotangazwa, bali katika siku za baridi ya wastani, ambazo hakuna aliyezipa jina. Anayepima maafa kwa ukubwa wa kishindo, basi, atawapita wafu wengi waliokufa bila kishindo.

Hapa ndipo nafasi ya dini. Katika Hadithi sahihi imesimuliwa kwamba Moto ulimshitakia Mola wake, ukaruhusiwa pumzi mbili, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi, na ukali wa hari na ukali wa zamharir, yaani baridi kali, watu wauonao watokana na pumzi hizo. Nami nafahamu humo kwamba hari na baridi ni ndugu wa tumbo moja, na asijidai mtu wa nchi za joto kuwa baridi si adui yake. Tena wafasiri wa kisa cha Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni wamesema kwamba moto uliamriwa uwe baridi na salama, na lau isingeongezwa hiyo salama, baridi yenyewe ingemdhuru. Neema haikuwa katika kuondoa joto, ilikuwa katika kiasi. Na kiasi kilipimwa kwa kiwiliwili cha mtu mmoja aliyefungwa kamba.

Sheria nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Hari ikizidi, sala ya adhuhuri imependekezwa icheleweshwe mpaka makali ya jua yavunjike, na masahaba wakasimulia kwamba safarini waliingojea mpaka vivuli vya vilima vikaonekana. Hapakuwa na zebaki, lakini palikuwa na kipimo, nacho kilikuwa kivuli cha kutosha kumkinga mtu. Sahaba Amr bin al-As, usiku wa baridi kali akiwa vitani naye amepaswa kuoga, alihofia nafsi yake, akatayamamu, yaani akajitohara kwa udongo badala ya maji, na kuwasalisha wenzake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwuliza na kuusikia udhuru wake, alicheka wala hakumlaumu. Hakuulizwa baridi ilikuwa ya kiasi gani, ilitosha kwamba aliihofia nafsi yake. Na kabla ya hapo katika Taurati imeamriwa kwamba aliyeshika vazi la maskini kuwa rehani amrudishie kabla jua halijachwa, kwa maana hana jingine la kujifunika alalapo. Sheria ile imeupima ubaridi wa usiku kwa mtu mwenye nguo moja, hali mwenye nguo kumi hakutajwa.

Najua lipo jibu litakalotolewa, nalo husemwa na watu wa imani njema: kwamba umri umeandikwa, na aliyekufa kwa hari angalikufa kwa lingine. Sina ugomvi na kadari. Lakini Khalifa Umar bin al-Khattab, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu wake. Na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akapiga mfano wa mchungaji mwenye bonde la rutuba na bonde kame. Jua ni la Mwenyezi Mungu na kivuli ni cha Mwenyezi Mungu. Lakini kugawanya kivuli kumewekwa mikononi mwetu, na juu ya ugawaji huo tutaulizwa.

Tazama Makka ya mwezi wa Juni mwaka 2024. Kipimo kwenye Msikiti Mtukufu kilifika nyuzi 51.8, na mahujaji 1,301 wakafa, na katika kila 100 kati yao 83 walikuwa watu wasio na vibali, waliotembea mwendo mrefu juani pasipo hifadhi wala pa kupumzikia. Wanaume wote huvaa huko vazi moja la ihramu, ambalo limewekwa ili tajiri na maskini wasipambanuke. Na jua lile lile likawapambanua. Tazama Chicago, Julai ya mwaka 1995, joto lilipokaribia nyuzi 41 na watu zaidi ya 700 wakafa katika siku chache, wengi wao wazee waliokaa peke yao nyuma ya madirisha yaliyofungwa, na baadhi ya wakubwa wa mji wakaanza kushuku hesabu ya daktari aliyewahesabu maiti. Na ile Paris ya mwaka 2003 ilizika watu wake 57 ambao hakuna jamaa aliyekuja kuwadai, rais wa nchi akisimama makaburini. Hapana kipimajoto kilichokosea katika miji hiyo mitatu. Nyuzi zilisomwa sawasawa, na huku walio dhaifu wakawa nje ya hesabu mpaka walipokuwa maiti.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Sahaba Uthman bin Abil-As alipomwomba Mtume awe imamu wa watu wake alikubaliwa, na akausiwa amfuate aliye dhaifu kuliko wote katika hao. Usia huo ulikuwa wa sala, lakini mimi naona unatosha kuwa kanuni ya kila mizani inayohusu uhai wa watu. Ukali wa hari na wa baridi hupimwa kwa aliye dhaifu: kwa mzee wa ghorofa ya juu, kwa kuli aliye juani, kwa mtoto wa kambini mwenye blanketi lililoloa, kwa mjane wa chumba kimoja. Kisanduku cheupe na kibaki mahali pake, na hesabu za siku tatu na siku thelathini ziendelee kusahihishwa, kwani bila hizo hatuwezi hata kujua kwamba wimbi linakuja. Ila atakayesema "si kali" na awe kwanza amekwenda pale palipo pakali.

Namalizia na shangazi. Asubuhi ya kufuata usiku ule nilimwendea mwenye nyumba, mtu mwema na mwenye shughuli nyingi, nikamsihi amruhusu alale ukumbini mpaka kaskazi ipite. Nilimtajia nyuzi 33, akanijibu kwa upole kwamba huo ndio msimu na kila mwaka ni hivyo. Jioni nikarudi, nikamwomba tu anifuate uani. Aliingia chumbani, akamwamkia shangazi, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia kutoka sakafuni. Mwenye nyumba akaweka kiganja chake juu ya ukuta, akakiacha hapo kitambo bila kusema. Kisha akageuka kwa wanawe waliokuwa mlangoni, akasema, "Leteni kitanda."